Programu Iliyosubiri Kuulizwa

Kazini wote walimwita Shangazi, hata wale waliopitwa naye miaka michache tu. Jina lilianza kwa heshima, likaendelea kwa mazoea, na mwisho likawa namna ya kumweka mtu pembeni kwa adabu. Shangazi anapewa kiti kizuri, anaulizwa hali yake, kisha mazungumzo yanaendelea bila yeye. Mwenyewe aliliona hilo mapema kuliko walivyodhani. Mtu aliyeandika programu za kompyuta nusu ya umri wake hahitaji kuambiwa kwamba mlango unafungwa.

Alikuwa mjane. Mwanawe mmoja alikuwa masomoni ng'ambo, na Jumapili alipiga simu: mama mzima, mwanangu mzima, hali ya hewa huko, haya mama, haya mwanangu. Alikaa ghorofa ya pili, nyumba ya vyumba viwili, jikoni kukiwa na sufuria kubwa ambazo hazikuguswa tangu mumewe azikwe. Mume yule alikuwa na kawaida moja. Akirudi kazini, kabla hajavua viatu, alipaza sauti kutoka mlangoni: "Leo kuna nini?" Hakuwa na maana ya habari wala ya mambo ya dunia. Alikuwa anauliza chakula. Na Shangazi, ambaye siku nyingine alikuwa hajakata hata kitunguu, aliruka kutoka kwenye kiti akaanza.

Ofisi yao ilikuwa chumba kirefu chenye madawati mengi. Siku hizi vijana walifanyia kazi majumbani kwao na kukutana kwenye skrini, kila mmoja ndani ya kidirisha chake. Waliobaki kuja ofisini ni yeye na mlinzi wa chini. Vijana walimcheka kidogo kwa hilo, "Shangazi anapenda foleni." Hakupenda foleni. Ila kimya cha nyumbani kilikuwa chake peke yake, na kile cha ofisini angalau kilikuwa cha watu wengi.

Kisha likaja jambo la mtindo mpya. Aliyelileta alikuwa mkuu wa timu, kijana waliyemwita Bosi Mdogo. Shangazi ndiye aliyemfundisha kazi alipofika na cheti ambacho wino wake ulikuwa haujakauka vizuri. Bosi Mdogo hakuwa mtu mbaya, nalisema hilo mapema asije akaonewa. Alikuwa na haraka tu, na haraka ya mkubwa huwa inalipwa na wadogo. Alitangaza kwamba programu zote za kampuni zitaandikwa upya kwa mtindo wa fanksheni.

Kwa asiyejua, mtindo wa zamani, ule wa Shangazi, unaijaza programu vitu. Mgonjwa ni kitu, kadi ni kitu, miadi ya kliniki ni kitu. Kila kimoja kina droo yake na siri zake ndani. Ukitaka kazi ifanyike, unatoa amri: wewe miadi, badilisha tarehe. Nayo inafungua droo, inafuta ya jana, inaandika ya leo. Shangazi aliupenda mtindo huo kwa sababu aliona kama una watu ndani yake. Aliongea nao. "Wewe nawe," aliiambia kadi iliyokataa kufunguka, "unaringia nini?"

Mtindo mpya hauna droo wala wa kumwamuru. Fanksheni ni kimashine kidogo: unaingiza hiki, kinatoka kile, na ulichoingiza kinabaki kama kilivyokuwa. Huiambii kompyuta fanya hivi halafu fanya vile. Unaieleza jibu linapatikanaje, basi, unanyamaza. Kwa mtu aliyezoea kutoa amri toka asubuhi hadi jioni, kunyamaza ni adhabu.

Alijifunza kwa kisirani. Alikuwa na kitabu kinene, na video za kijana mmoja mwenye ndevu ambaye kila baada ya maelezo alisema, "Ni rahisi tu." Kila aliposema ni rahisi tu, Shangazi alimsimamisha hapo hapo mdomo wazi, akaenda kunywa maji. Alirudi, akamrudisha nyuma, akamsikiliza tena. Kuna kipande cha uvivu, maana lugha ile ina tabia ambayo wenyewe bila haya wanaiita uvivu, alikisikiliza mara nyingi mpaka akaamini amekielewa. Alitikisa kichwa kabisa kukubali, kama watu wanavyotikisa msikitini au kanisani wakiwa wanawaza mambo ya nyumbani.

Kazi yake ya kwanza waliipitia wote kwenye skrini. Bosi Mdogo aliisoma kimya, kisha akasema kwa upole, "Shangazi, hii hapa ni droo. Umeivalisha nguo mpya tu." Vidirisha vyote vikacheka. Naye alicheka, akasema, "Si mnajua mazoea," halafu akazima kamera yake akidai mtandao ni mbovu. Mtandao ulikuwa mzima.

Hakuacha. Na ilifika siku akaonja utamu wa jambo lenyewe. Hesabu ya tarehe za kliniki, ambayo zamani ilimchukua ukurasa mzima wa amri, ilitoka kwa mistari michache, na kila alipoijaribu ilitoa jibu lile lile, haina kinyongo wala kumbukumbu ya jana. Alifurahi mpaka akapiga kofi mezani. Akageuka kumwambia mtu. Viti vilikuwa vimesukumwa vizuri chini ya madawati.

Ndipo akapewa programu ya kukumbusha wagonjwa. Hospitali moja ilikuwa na kliniki ya presha na sukari, na wagonjwa wake, wengi wao wazee, walitumiwa ujumbe wa simu asubuhi ya siku moja kabla ya miadi. Programu ya zamani aliiandika mwenyewe miaka iliyopita kwa mtindo wake wa droo. Sasa aandike mpya, peke yake. Hilo lilikuwa jaribio la programu na jaribio la Shangazi pia, na Bosi Mdogo hakumficha.

"Shikamoo Shangazi. Niseme ukweli?"

"Marahaba. Sema, mwanangu, nimekaa."

"Hii ikisimama, unabaki kwenye timu, hakuna atakayeuliza tena. Isiposimama, kule kwenye simu za wateja wanahitaji mtu mzima mwenye subira."

"Mwenye subira," alisema Shangazi. "Ndiyo jina langu jipya?"

Jioni alimpigia wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mshonaji mwenye ulimi mkali kushinda mkasi wake. Wifi hakuona msiba wowote. "Si afadhali! Utaongea na watu kutwa nzima. Sasa hivi unaongea na nani, mashine?"

"Wale hawaongei na mimi, wifi. Wanaigombeza kampuni, mimi nimekaa katikati." Kisha akasema neno ambalo hakupanga kulisema. "Hii ndiyo sehemu pekee iliyobaki ambako nisipokuwepo, kitu fulani hakifanyiki."

Wifi akasema ana mteja mlangoni.

Aliiandika programu kwa uangalifu wa mtu anayevusha mayai. Orodha ya wagonjwa wa kesho inaingia, kila jina linapitishwa kwenye fanksheni ya kutuma, mwishoni programu inaandika: kazi imekamilika. Maneno ya ujumbe aliyatunga mwenyewe, maana yale ya zamani yalikuwa makavu. "Habari ya asubuhi. Kesho ni siku yako ya kliniki. Njoo na kadi na vidonge vilivyobaki. Tunakusubiri." Na juu kabisa ya orodha, kabla ya mgonjwa wa kwanza, aliweka namba yake mwenyewe, ili kila asubuhi ajue kwamba mambo yamekwenda. Aliijaribu kwenye dirisha la majaribio, pale mtu anapoandika mstari na kompyuta inamjibu papo hapo. Simu yake ililia mezani. Aliijaribu tena, ikalia tena. Nadhani alirudia mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji. Si kila siku mtu alimwambia habari ya asubuhi na tunakusubiri.

Programu ya zamani ikazimwa, mpya ikawashwa. Asubuhi iliyofuata simu haikulia. Aliiangalia akiwa na mswaki mdomoni, akaitikisa, akaizima na kuiwasha. Akailaumu kampuni ya simu. Ofisini alifungua kumbukumbu za mashine, akakuta imeandikwa vizuri kabisa: kazi imekamilika. Hakuna kosa, hakuna hata onyo. Akapumua.

Siku ya pili yake muuguzi mkuu wa kliniki akapiga. "Mama, huku kuna nini? Mabenchi matupu. Watatu tu wamekuja, na hao wanakuja kila siku hata wasipoitwa, wanapenda feni yetu. Kuna bibi ameishiwa vidonge tangu juzi, anasema alikuwa anangoja ujumbe."

Shangazi alikimbilia dirisha la majaribio, akaandika mstari ule ule. Simu ikalia: habari ya asubuhi. Akaiacha mashine iendeshe yenyewe, akangoja. Kimya, na chini yake: kazi imekamilika. Akaandika tena kwa mkono. Ikalia. Ilikuwa inafanya kazi akiitazama, na akigeuza uso haifanyi chochote, halafu inasema imemaliza. Aliwahi kuwa na wafanyakazi wa aina hiyo, lakini wale walikuwa na miguu.

Kwenye skrini vijana walikuna vichwa. Mmoja alisema labda ni mtandao. Mwingine aliuliza, kwa adabu iliyouma, kama Shangazi ana uhakika ameiwasha. Wote walikuwa na kazi zao, vidirisha vikazimika kimoja kimoja. Bosi Mdogo alibaki mwisho.

"Muuguzi anawapigia wagonjwa kwa mkono, hatuwezi kuwafanyia hivyo muda mrefu. Mpaka Ijumaa, Shangazi. Ikishindikana, tunarudisha ile ya zamani."

"Na mimi?"

"Tutaongea," alisema, na yeye mwenyewe alionekana hapendi alichokisema.

Alikesha mchana, kama kuna neno hilo. Alisoma kila mstari mpaka maneno yakapoteza maana. Fanksheni zilikuwa sahihi. Orodha ilikuwa sahihi. Laiti kungekuwa na droo, angeifungua aone kilichofichwa. Hakukuwa na droo. Alikaa mbele ya mistari michache safi, isiyo na kosa, isiyofanya lolote, akalia. Alilia kama anavyolia mtu asiyeogopa kusikika kwa sababu anajua hakuna wa kumsikia, na hilo likamwongezea kilio.

Alhamisi aliondoka ofisini mapema na kompyuta yake mkobani. Alikuwa hajavua viatu mlango ulipogongwa, na kabla hajajibu ukafunguliwa.

"Hodi! Leo kuna nini humu?"

Alishtuka. Ile ilikuwa sauti ya ukoo, urithi wa nyumba moja. Mume alikuwa nayo, na dada yake anayo. Wifi aliingia amekumbatia mapazia, akasema ameyaleta, ingawa hakuna aliyemwagiza mapazia. Akaketi, akajipepea na kona ya khanga.

"Nimeuliza swali, mke wa kaka. Au ndiyo umeshatunyang'anya ndugu yetu, sasa unatunyima na chakula?"

"Kaa hapo, wewe mlafi," alisema Shangazi, na mikono yake ikawa tayari imefungua friji.

Friji ilikuwa imejaa. Karoti, kabichi, pilipili hoho zilizoanza kukunjamana, samaki aliyegandishwa mpaka akasahaulika. Wifi alisimama nyuma yake akachungulia.

"Mboga zote hizi unamwekea nani?"

"Nilipanga kupika."

"Lini?"

"Kila siku. Naenda sokoni, nanunua, najua kabisa leo nitapika hiki na hiki. Nikifika, nakula mkate na chai."

"Umesimama?"

"Nimesimama."

"Sasa mbona hupiki, na kila kitu kipo?"

"Hakuna aliyeuliza," alisema Shangazi.

Alikuwa ameanza kumenya karoti. Kisu kikasimama. Wifi alidhani amejikata.

"Nini? Wifi? Unanitisha."

"Hakuna aliyeuliza," alirudia Shangazi taratibu, macho yakiwa ukutani. "Kila kitu kipo. Mpango upo. Hakuna aliyeuliza jibu, kwa hiyo haikupika."

"Nani haikupika?"

Shangazi alikuwa ameshafungua kompyuta mezani katikati ya maganda ya karoti. Uvivu! Yule kijana wa ndevu alilisema, na yeye akatikisa kichwa. Katika lugha ile, ukisema "pitisha kila jina kwenye fanksheni ya kutuma," kompyuta haitumi. Inaweka mpango wa kutuma. Inangoja mpaka mtu atake kuona majibu, na asipotokea mtu, mpango unabaki mpango. Dirisha la majaribio lilimdanganya bila kukusudia: ili limwonyeshe majibu kwenye skrini lililazimika kuyadai, na yalipodaiwa, ujumbe ulikwenda. Kule kwenye seva, ile mashine ya mbali inayoendesha programu yenyewe, hapakuwa na skrini wala wa kuitazama. Programu ilipanga kila kitu vizuri, ikaona hakuna anayehitaji kitu, ikaandika imekamilika. Na haikusema uongo. Kwa upande wake ilikuwa imekamilika.

Kosa lilikuwa la mtu wa amri. Kwenye mtindo wa zamani ukisema tuma, kitu kinatuma, uwepo usiwepo. Hakuwahi kuhitaji kujiuliza nani anangoja jibu. Sasa aliongeza neno moja tu mbele ya mstari ule, neno linaloiambia kompyuta: haya majibu nayataka yote, sasa hivi. Akaiweka kwenye seva ingoje asubuhi. Aliponyanyua kichwa, wifi alikuwa amekwishapika mwenyewe, amekula, na ameacha sahani moja imefunikwa.

"Mgeni kapika, mwenyeji kacheza na mashine," alisema wifi akivaa viatu. "Nikisimulia nyumbani hawataamini." Lakini mlangoni alimshika bega. "Kula umekaa."

Ijumaa asubuhi simu ililia akiwa na mswaki mdomoni. Habari ya asubuhi. Kesho ni siku yako ya kliniki. Tunakusubiri. Aliegemea ukingo wa beseni na povu la dawa ya meno likimtiririka kidevuni, akasoma mpaka neno la mwisho kama barua ya mtu. Jumamosi kliniki inafanya kazi nusu siku, na muuguzi alipiga kabla ya saa nne, nyuma yake kelele tupu. "Mama, umewaita wote kwa mpigo? Wanagombania feni!"

Jumatatu timu iliipitia kazi ile. Shangazi alieleza kosa lake mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, kamera ikiwa wazi, na hapakuwa na aliyecheka. Kijana yule aliyemuuliza kama ameiwasha alikiri kwamba hata yeye asingeliona. Vidole gumba vikajaa kwenye skrini. Bosi Mdogo alisema, "Basi. Shangazi yupo kwenye timu, mjadala umefungwa."

"Nashukuru, mwanangu."

"Ila kuna kitu kidogo. Juu ya orodha kuna namba ya majaribio. Naona ni yako."

"Ni yangu."

"Itoe. Ile ni orodha ya wagonjwa, haipaswi kuwa na mtu asiyehusika."

Alikuwa na haki, na Shangazi angemwambia hivyo hivyo mwanafunzi wake yeyote. Hata Bosi Mdogo yawezekana alijifunza hilo kwake. Alisema sawa. Vidirisha vikazimika kimoja kimoja. Aliitoa namba yake, akaangalia jina la mgonjwa wa kwanza likipanda kukaa mahali pake.

Asubuhi iliyofuata simu haikulia, kama ilivyotakiwa. Mahali fulani wazee walikuwa wakisoma kwamba wanasubiriwa, na ni yeye aliyefanya wasubiriwe, na hilo alilifurahia kweli. Alisukutua. Akapanga kichwani atakachopika jioni: yule samaki, na viazi. Akaupanga vizuri, hatua kwa hatua, hata chumvi. Akasimama katikati ya jikoni akijua kabisa kwamba ikifika jioni atakula mkate.

Akachukua simu.

"Wifi, umeamka?"

"Nimeamka, nina pini mdomoni. Kuna nini?"

"Hapana, si hivyo. Niulize kama siku ile. Kama kaka yako alivyokuwa anauliza."

Upande wa pili cherehani ilinyamaza. Kisha wifi akauliza, kwa sauti ile ile ya mlangoni, ya mtu ambaye hajavua viatu.

"Leo kuna nini?"

"Samaki," alisema Shangazi, na tayari alikuwa anamtoa kwenye barafu. "Njoo jioni. Kuna samaki."